Nguo Isiyoogopa Safari

Mtaani kwetu, pale Kamina, safari haikuanza kwa kukata tikiti. Ilianza kwa kupeleka nguo zako kwa Mfuaji, ukaziweka juu ya meza yake ya pasi, ukangoja aseme zipi ziende na zipi zibaki. Watu wazima, makarani wenye miwani na wake za askari wenye midomo mikali, walisimama mbele yake kama wanafunzi waliosahau daftari nyumbani. Naye hakuwa na haraka. Alishika ncha ya shati, akaifinya ndani ya ngumi, akafumba macho na kusali Baba Yetu kimoyomoyo tangu mwanzo mpaka amina. Kisha alifungua ngumi. Kitambaa kikijinyoosha chenyewe, alikiweka upande wa kulia. Kikibaki na makunyanzi, alimrudishia mwenyewe.

"Hii ibaki kulinda nyumba," alisema.

Kilichonisumbua tangu utotoni ni kwamba mtu huyu aliyejua safari kuliko makondakta hakuwa msafiri. Alifua nguo za wafanyakazi wa treni, na za abiria waliolala Kamina wakingoja kubadili treni, wengine wakielekea Lubumbashi, wengine Kasai, wengine Kalemie. Dunia nzima ilipita mikononi mwake ikiwa chafu, akairudisha safi, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kwenda mbali kupita Luena. Nilikuwa mtoto mdadisi, na mama yangu aliniambia mara nyingi kwamba udadisi utaning'oa meno siku moja. Hata hivyo niliendelea kumchungulia juu ya ua uliotenganisha nyumba zetu.

Ilikuwapo safari moja aliyoitaka, na mtaa mzima uliijua. Binti yake wa pekee aliolewa na askari wa kule Base, kambi ya jeshi, kijana kutoka mkoa wa Ekwateri aliyesema Lingala hata usingizini. Mahari ilikuja vizuri. Mbuzi walikuja, jembe likaja, vitenge vya mama vikaja, hata blanketi la bibi lilikuja. Kilichobaki ni kitu kimoja tu, suti ya baba. Kabla suti haijaja, ilikuja amri ya uhamisho, na kijana akapanda treni ya Kalemie pamoja na mke wake, akaahidi dirishani kwamba suti itafuata. Haikufuata. Kwa desturi ya kwao Mfuaji, baba ambaye hajavikwa na mkwe wake hakanyagi kizingiti cha mkwe huyo. Akikikanyaga, ni kama amekiri kwamba binti alitolewa bure, na siku ya ugomvi ni binti atakayesomewa kitabu hicho. Basi miaka ikapita, wajukuu wakazaliwa wanne, mmoja akapewa jina lake, na yeye hajamwona hata mmoja wao.

Nikimkumbuka leo, naanza na mikono. Ilikuwa imechujuka kwa sabuni mpaka alama za vidole zikafutika, na alipokwenda kupiga kura au kuchukua karata ya raia, yaani kitambulisho, karani alimgandamiza kidole mara tatu kwenye wino bila kupata kitu. Yeye alicheka. Alisema serikali haina haja ya kumtafuta, yuko uwanjani kwake kila siku, pale kwenye kamba. Lakini vidole hivyo visivyo na alama vilijua vitambaa. Alikuwa anaweza kutazama pembeni, akizungumza na wewe habari za mvua, huku vidole vinapapasa pindo la koti lako, na mwisho wa maneno akuambie koti hilo lina pamba kiasi gani na litakusaliti kituo gani.

Tena alisoma madoa. Vumbi jeusi ndani ya kola lilikuwa la Luena, kwa ajili ya makaa ya mawe. Harufu iliyoganda kwenye mikono ya shati ilikuwa ya Bukama, maana huko abiria hupakata vikapu vya samaki magotini. Mawese mapajani yalitoka upande wa Kasai, kwa sababu bidoni, yale madumu ya mafuta, hazifungwi sawasawa na treni haina adabu. Akikuta manyoya ya kuku hakusema kitu, kwani kuku husafiri pande zote.

Siku moja mke wa karani mmoja alileta shati la mumewe. Mume alisema alikuwa Luena kwa kazi, na mke hakuamini. Mfuaji alilinusa shati, akageuza kola, akaliweka mezani.

"Sema, Baba Mufuaji," mama yule akasema, akilionyesha shati. "Hii kilamba ilitoka wapi?"

"Mama, kilamba haisemake."

"Lakini jana uliambia jirani asema ya bwana yake ilitoka Kabongo!"

"Ile ya jana ilikuwa inasema. Hii imenyamaza."

Mimi nilikuwa uani kwetu, na hata mimi nilisikia harufu ya samaki. Mama yangu, mtu wa kanisa, mke wa karani wa misheni ya Kimetodisti, alimsifu kwa jambo lile. Alisema Mfuaji hasemi uongo na pia havunji nyumba za watu. Mimi nilimwona mjanja tu, na nikampenda zaidi.

Usidhani alizaliwa na hekima hiyo. Aliinunua kwa aibu. Miaka ile Zaire ilikuwa imeanza kuvaa tergali, kitambaa kilichoshangaza watu kwa sababu kilikauka upesi na hakikuhitaji pasi. Kondakta mmoja alileta suruali yake ya kwanza ya tergali, mpya, ya kijivu. Mfuaji aliifua, akaianika, akaona imenyooka, na akafikiri kwamba kazi isiyo na pasi ni kazi nusu. Akajaza makaa kwenye pasi yake, akasubiri yawe mekundu, akaiteremsha. Ilinuka kama gurudumu linaloungua. Alipoinua pasi, iliondoka na kipande cha suruali, na kondakta alipokuja alikuta kwenye paja lake dirisha lenye umbo la pasi.

Mfuaji alimpa kondakta suruali yake mwenyewe ya Jumapili, palepale. Ile iliyoungua akaitia kiraka na kuivaa miaka mingi, hata kanisani, na kiraka chenyewe kilikuwa cha rangi nyingine ili kila mtu aulize. Walipouliza, aliwaambia.

"Ile njo shule yangu. Kuko bilamba inaomba moto, na kuko bilamba inaomba uiache."

Nimesema kwamba hakuwahi kusafiri, lakini mtu aliyemsikiliza angedhani amezunguka nchi yote. Mke wa askari akija na vitenge kumi akielekea kwao Kisangani, alimpunguzia mpaka vitatu. Mwalimu akija na abakosi nyeupe, lile koti la serikali lisilovaliwa na tai, alimuuliza kama anakwenda kufundisha au kufa. Rangi ya safari, kwake, ilikuwa rangi ya vumbi la mahali unakokwenda, na mtu wa Kamina aendaye popote katika Katanga avae rangi ya udongo na asijifanye malaika. Nguo mbili zilitosha.

"Moja iko ku mwili, moja iko ku kamba," alisema. "Ya tatu inabebaka muntu mwingine, na ule muntu ni weye."

Mama yangu alipambana naye juu ya jambo hilo, na mimi ndiye niliyekuwa uwanja wa vita. Nilikuwa nimepata nafasi katika shule ya wasichana huko Lubumbashi, na mama alinishonea gauni jeupe la pamba, akalitia wanga wa muhogo mpaka likasimama lenyewe sakafuni. Alitaka nishuke kwenye treni nikionekana mtoto wa watu waliosoma. Mfuaji alilifinya. Hakufika hata "utupe leo".

"Mama, umeweka muhogo mingi. Mutoto atafika sawa mukeka ya kulalia. Kama unakataa rangi ya udongo, umushonee bleu ya tergali."

"Mutoto wangu hataenda ku misioni na robe ya bleu sawa mufagiaji ya barabara," mama akajibu.

"Treni haijuake mutoto ya nani. Inachafulaka bote."

Walivutana kwa siku mbili, wakiitana baba na mama kwa heshima kubwa, na mwisho mama alikubali magauni mawili ya tergali ya buluu nzito, yaliyofanana, yenye mfuko wa ndani kiunoni kwa tikiti na vyeti. Sijui mpaka leo ni nini kilichomshinda, labda ni mfuko. Treni yetu ilikwama kutwa nzima baada ya Bukama, na bidoni ya mawese ikapinduka katikati ya behewa. Jioni nilifua gauni kwenye bomba la kituo, nikalifunga kwenye kamba ya dirisha, na kabla ya Tenke lilikuwa limekauka na kunyooka. Nilishuka Lubumbashi nikiwa safi kuliko binti wa mwenye duka niliyesafiri naye. Lakini mama ni mama. Chini ya sanduku, bila mimi kujua, alikuwa amelificha lile gauni jeupe. Nililivaa ibada ya kwanza, na kweli nilifanana na mkeka.

Wanawake waliokwenda Bukama kununua samaki walimheshimu kwa sababu nyingine. Wakati ule mwanamke hakuruhusiwa kuvaa suruali. Tulikuwa watu wa uhalisi, siasa ya serikali ya kurudia asili yetu, na uhalisi wa mwanamke ulikuwa kitenge. Lakini jaribu kupanda behewa la mizigo na kitenge, huku unashika kikapu kwa mkono mmoja na upepo unakushughulikia nyuma. Wanawake wale walivaa suruali za waume zao chini ya kitenge, na waliporudi zilinuka samaki kiasi cha kuwafukuza paka. Mfuaji alizifua na kuzianika katikati ya nguo za makondakta, ili vijana wa chama tawala wakipita wasihesabu vibaya. Siku moja kijana mmoja alisimama akaashiria suruali ndogo ya kiuno chembamba.

"Hii ni ya nani?"

"Ya muntu alikonda," Mfuaji akajibu, na kuendelea kukamua.

Sasa niseme juu ya nguo zake mwenyewe, maana hapo ndipo watu walipomcheka. Abiria wengine hawakurudi kuchukua nguo zao. Treni iliondoka mapema, au walipata habari ya msiba wakageuza njia, au walisahau tu. Mfuaji alizitunza ndani ya kasha tangu mvua za mwaka mmoja mpaka mvua za mwaka uliofuata. Zilipoanza mvua hizo, nguo ikawa yake. Ndiyo maana alivaa shati la mfanyabiashara wa Mbuji-Mayi, soksi za mhubiri, na kofia ya mtu aliyekuwa na kichwa kikubwa mno. Jumapili moja abiria wa zamani aliingia kanisani, akakaa benchi la nyuma yake, na katikati ya wimbo akalitambua shati lake. Aliligusa begani. Mfuaji aligeuka, akaelewa, akatoka nje na kulivua. Alirudi akamalizia ibada akiwa na koti juu ya kifua kitupu. Kesho yake asubuhi shati lilifika kwa mwenyewe, limefuliwa na kukunjwa.

Mtu huyu aliyewanyang'anya wengine nguo za ziada alikuwa na kasha lililojaa. Mtu huyu aliyelaani wanga alitia wanga kwenye kitambaa chake cha mkononi, akakichomeka mfukoni kikiwa kigumu kama ubao, na hakukitumia kamwe hata akiwa na mafua. Nilimuuliza kwa nini. Aliniambia kitambaa hicho hakiendi safari, kinakaa tu, na kitu kinachokaa kinaweza kujivuna.

Nilipokuwa likizoni, nikiwa msichana mkubwa na mwenye kiburi cha shule, niliamua kumaliza shida yake. Nilikwenda kwake na hoja mbili kichwani. Nilimwambia suti zenyewe zimekatazwa nchini, hakuna mtu anayevaa suti na tai siku hizi, kwa hiyo mkwe hana deni. Kumbe hoja hiyo ilikuwa imekwisha kuletwa mbele ya kaka yake mkubwa, mzee aliyekaa mtaa wa pili na kulinda desturi za ukoo kuliko mtu anavyolinda shamba lake dhidi ya nguruwe. Mzee alikuwa amejibu kwamba walikataza suti, hawakukataza baba. Mkwe alete abakosi.

"Basi chukua nguo moja kati ya hizi zilizosahauliwa," nikamwambia Mfuaji. "Kuna koti nzuri humo. Vaa, panda treni, uende. Nani atajua?"

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na mimi nilikuwa nalisema hilo kwa mtu ambaye nusu ya mavazi yake yalikuwa ya wengine. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Na hizi naweza kwenda kanisani, naweza kwenda sokoni," akasema. "Ku mukwe, hapana. Kule unaendaka na ile yeye alikuvalisha. Nikienda na ya mwingine, mutoto wangu atanitazama, atajua. Na kisha siku bwana atakasirika, atamuambia nini? Atamuambia: baba yako alikuya yeye mwenyewe, hakuna muntu alimuita."

"Lakini unataka kumwona."

"Ninataka sana," akasema. Akaichukua pasi akaipulizia majivu, ingawa haikuwa na moto siku ile.

Niliona aibu kuwa nimeuliza, na nikamchukia yule askari ambaye sura yake nilikuwa nimekwisha kuisahau. Barua za binti zilikuja kwa mkono wa madereva wa treni. Zilikuwa fupi. Mtoto ametembea, mtoto ameota jino, mtoto wa kwanza anauliza. Juu ya suti hakuandika neno, na mke wa Mfuaji, mama mpole aliyeuza sabuni za kipande mbele ya nyumba, alinung'unika kwamba mkono mtupu haulambwi, na mkwe wao alikuwa na mikono mitupu yote miwili. Mfuaji alimkataza kusema hivyo mbele ya watu. Alisema askari hupelekwa huku na huku, na pengine suti ilinunuliwa ikapotea njiani. Yeye alijua ni nguo ngapi hupotea njiani, kasha lake lilikuwa ushahidi.

Nikawa mwalimu katika shule ya kanisa pale Kamina. Mikono ya Mfuaji ikaanza kutetemeka, na madereva wakaanza kupeleka nguo zao kwa mtu mwingine, kijana mwenye pasi ya umeme. Hakulalamika. Lakini watu waliendelea kuja kumwonyesha mizigo yao kabla ya safari, hata wale ambao nguo zao hakuzifua tena, na Baba Yetu yake ikawa ndefu kwa sababu ngumi ilichoka kufunguka.

Mwaka mmoja kanisa lilinituma Kalemie kwa mkutano wa walimu wa kike. Nilimpelekea Mfuaji magauni mawili. Siku ya tatu, sokoni, mwanamke mwenye mtoto mgongoni alinishika mikono yote miwili, na kabla hajasema nilimtambua kwa kipaji chake cha uso. Alikuwa binti ya Mfuaji.

"Baba iko?" akauliza.

"Iko. Angali anafula kidogo."

"Batoto banauliza kambo yao kila siku. Nabaambia iko na kazi mingi. Sasa mukubwa anasema, kazi gani haiishake?" Kambo, kwetu, ni babu. Alicheka, kisha akapangusa macho kwa ncha ya kitenge. "Umuambie batoto banamungoja."

Mumewe sikumwona. Alikuwa kazini mbali na mji wiki nzima, na mimi sikusikitika kumkosa, kwa sababu nilikuwa na maneno machache ya kumpa na hayakuwa ya Kikristo.

Nilishuka Kamina asubuhi, na wa kwanza niliyemwona stesheni alikuwa Mfuaji, amesimama peke yake na furushi la karatasi ya kaki kwapani. Nilimsalimu kwa Kiluba kama ilivyompasa. "Wakomapo, tata." Akajibu, "Eyo vidye," akaniongoza mpaka nyuma ya ghala la vifurushi, mahali pasipopita watu.

"Ulimuona?"

"Nilimuona, baba. Iko muzuri. Batoto banakungoja, njo maneno yake."

"Na mukwe?"

"Mukwe sikumuona."

"Ni sawa," akasema, na nikashangaa kwamba kwake ilikuwa sawa. Akafungua furushi. Ndani ilikuwamo abakosi ya tergali, kijivu cha giza, vifungo vyeusi, kola imekaa vizuri. Ilikuwa mpya. Alisema ameishonesha Luena, kwa fundi asiyemjua yeye wala ndugu yake. Kutoka Kamina mpaka Kalemie ni siku mbili ukibahatika, na nguo hii ingelala naye kwenye benchi siku zote mbili, kisha ishuke kama imetoka dukani.

"Leo, kisha masomo, utakuya kwangu," akasema. "Utakuta yaya wangu, ule kaka mukubwa, utakuta mama. Utatoa hii mbele yao, utasema: mukwe ametuma. Basi."

"Baba, ile ni uwongo."

"Ninajua."

"Juu ya nini weye mwenyewe usiseme imefika na treni?"

"Weye njo umetoka Kalemie. Miye siwezi kutoka Kalemie."

Nilikasirika. Nilimkasirikia mkwe, nikamkasirikia yule mzee wa mtaa wa pili na kizingiti chake, kisha nikamkasirikia Mfuaji mwenyewe, aliyekuwa akingoja mtu kutoka Kalemie na akachagua mwalimu wa kanisa. Nilimuuliza mkwe atasema nini akimwona babamkwe amesimama mlangoni na nguo ambayo yeye hakuituma.

"Ntamukamata mukono mbele ya bantu bote," Mfuaji akasema. Alikuwa amekwisha kulifikiria, hakusita. "Ntamuambia: mukwe wangu, kostime yako inanitosha muzuri, aksanti. Yeye atanyamaza. Na kisha pale, atakuwa mukwe."

Nilichukua furushi. Kutwa nzima lilikaa chini ya meza yangu darasani huku watoto wakiandika imla, na nilisoma sentensi moja mara mbili bila kujua. Saa kumi nikaenda.

Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti pekee chenye mikono. Mke wa Mfuaji alikuwa kwenye mkeka pamoja na majirani wawili, na Mfuaji alisimama karibu na mlango kana kwamba yeye ndiye mgeni. Nilitoa salamu za Kalemie, nikapiga magoti kidogo, nikaweka furushi mbele ya mzee.

"Mukwe ametuma," nikasema.

Mzee aliifungua karatasi bila kuichana. Alipapasa kitambaa, akahesabu vifungo, akageuza ndani kutazama mishono. Alichukua muda wake.

"Imekawia," akasema, "lakini imefika." Kisha akainua macho. "Mwalimu, weye mwenyewe ulimuona mukwe na macho yako?"

"Nilimuona."

Neno lilitoka kwa urahisi mpaka likanitisha. Mke wa Mfuaji alipiga vigelegele, majirani wakadakia, na mzee akaashiria kwamba avae. Mfuaji alivaa koti juu ya shati lake. Vifungo vikamshinda, mkewe akainuka kumsaidia, akamnyoosha mabega, akarudi nyuma kumtazama. Ilimkaa. Nilifikiri kazi yangu imekwisha, nikaanza kutafuta viatu vyangu mlangoni.

"Alisema nini?" Mfuaji akaniuliza.

Hilo hatukuwa tumekubaliana. Nilimtazama nikitafuta machoni ule ujanja wa asubuhi, hata upepeso mdogo wa kope wa kunionya, na sikuuona. Alikuwa amesimama ndani ya nguo aliyoichagua mwenyewe, akaishonesha mwenyewe, akanipa mwenyewe mkononi, na ananiuliza swali kama mtu asiyejua jibu lake.

"Alisema: baba akuye," nikajibu. "Batoto banakungoja."

Mfuaji aliketi polepole kwenye mkeka, na machozi yakamtoka bila kuyapangusa. Kaka yake alitazama pembeni. Kisha Mfuaji alimshika mkewe mkono.

"Umesikia?" akamwambia. "Ameniita."